Rezo inajaa saa ile tunaihitaji

Shimo likianguka, jambo la kwanza sisi wachimbaji tunafanya ni kushika simu. Mama kule Baraka anapiga, ndugu kule Ubwari anapiga, PDG wa shimo anapiga, na sisi tulio mlimani tunapiga. Wote saa moja. Simu inaonyesha mistari minne, lakini haipiti. Ndipo watu wanasema: wametukatia rezo. Mara nyingi hawakukata kitu. Imejaa.

Simu yako haiongei na simu ya mwenzako. Inaongea na antene iliyo karibu, kwa mawimbi ya redio, halafu antene ndiyo inapeleka sauti mbele. Katika 2G, ile ya simu zetu ndogo za vitufe, kila wimbi la antene lina nafasi 8, na kwenye wimbi la kwanza walau moja ni ya kazi ya antene yenyewe. Kwa kawaida zinabaki 7 za kuongea. Machimboni tuko wangapi? Hesabu mwenyewe.

Tena ile mistari inadanganya. Inasema simu inasikia antene, haisemi kama antene inasikia simu. Moja ina nguvu ya grupu na mazutu, ingine ina batri ya mfukoni! Mtu wa Ubwari aliye ufukweni, anayeangalia Baraka juu ya maji, anaweza kupata. Mwenzake nyuma ya mlima anakosa.

Basi siku ya ajali, baba na mama, tunawaomba: msipige mara kumi kumi. Tumeni mesaji. Katika 2G mesaji haikamati nafasi ya kuongea, inapita kwa ile nafasi ya antene. Mwachie njia anayetafuta watu wa kufukua.

Lakini mzigo huu usibebwe na mama wa Baraka peke yake. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25/11/2020 inajua mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, kwa ajili ya sehemu ambazo kampuni za simu hazioni faida. Vijiji vya nyuma ya mlima wa Ubwari ni kazi ya mfuko huo. Misisi, hapana. Misisi kuna dhahabu, na kadi za simu zinauzwa mpaka usiku. Hapo kampuni ziongeze mawimbi juu ya minara iliyopo, na batri za kushika mpaka asubuhi, kwa feza yao wenyewe. Ndivyo tunavyomwandikia Administrateur wa teritwari ya Fizi, na nakala itaenda ARPTC.