Kabambare: mbwa si wa kupimia uyoga

Mvua zikirudi Kabambare, uyoga unaota kwenye vichuguu na msituni, na akina mama wanaingia kuuchuma. Penye shaka, wazo la haraka ni kumtupia mbwa kipande: asipoanguka, chungu kinapanda motoni. Ni kosa, na si kwa mbwa peke yake. Sumu ya amatoksini, iliyo katika uyoga fulani wa porini, hukaa kimya saa 6 hadi 24 kabla ya kutapisha na kuharisha. Kuichemsha hakuiondoi. Baadaye mnyama anaweza hata kuonekana amepona, huku ini likiendelea kuharibika. Wakati huo jamaa nzima imeshakula. Na mbwa huyo ndiye mlinzi wa nyumba na mwenzi wa mawindo! Uyoga usiojulikana ufukiwe shimoni, mbali na mbwa, mbuzi na watoto.