MAJI MACHAFU YA MJI SI KAZI YA KILA MTU NA SHIMO LAKE



Sisi makarani wa mgodi tumefundishwa jambo moja: kila kinachoingia kiandikwe, na kila kinachotoka kiandikwe. Kikikosekana kimoja, kitabu hakikubaliki. Twauliza basi: maji yanaingia Lubumbashi kila siku, kwa bomba, kwa kisima, kwa bidoni juu ya kichwa cha mama. Yakiisha kutumika, yanakwenda wapi?

Mengi yanakwenda katika shimo la choo nyuma ya nyumba, au katika mfereji wazi mbele yake, kisha mtoni. Mto Lubumbashi unayapeleka Kafubu, na Kafubu unayapeleka Luapula. Katika lupango ndogo, shimo la choo na kisima ni majirani. Mvua ikinyesha sana wanatembeleana. Mwaka 2008 kipindupindu kiliingia Likasi na Lubumbashi. Ugonjwa huo hautoki kwa mchawi. Unapita katika maji na chakula vilivyoguswa na mavi ya mgonjwa.

Katika miaka ya 1920 wakoloni walitenga mji wao na mtaa wa watu weusi kwa uwanda wa mita 700 hivi, wakasema ni kinga ya magonjwa. Walisogeza watu badala ya kusafisha maji ya wote. Na sisi leo, tukisema kila mtu ajichimbie shimo, na mwenye pesa aite gari la kunyonya, tunaacha uwanda ule ule katikati ya tajiri na maskini.

Wengine wanatujibu: kusafisha maji ya mji kunataka mashine na umeme, na umeme hatuna. Si hivyo. Katika inchi za joto jua linafanya kazi hiyo bila mshahara. Yanachimbwa mabwawa yanayofuatana. Katika la kwanza, lenye kina, uchafu unazama na kuoza. Katika la pili mimea midogo ya kijani inatoa hewa, na vijidudu vinakula uchafu uliobaki. Katika la mwisho, lisilo na kina, mwanga wa jua unaua vijidudu vya magonjwa. Nairobi ina mabwawa ya namna hiyo huko Ruai, nje ya mji, nayo ni makubwa sana.

Lakini mabwawa yanataka mabomba ya kuyaletea maji, na watu wa kuondoa matope baada ya miaka kadhaa. Zaidi ya yote yanataka ardhi pana, iliyo chini ya mji, ili maji yashuke yenyewe. Ardhi ikiisha kukatwa lupango na kuuzwa, nani atamwondoa mtu katika nyumba yake?

Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inatuhakikishia maji ya kunywa. Maji machafu hayakutajwa hapo. Lakini nani atakunywa safi, kama chafu halina njia yake?

Wandugu, twende komini, twende kwa mkubwa wa mji, tukaulize bila matusi na bila woga: ardhi ya mabwawa iko wapi katika ramani? Kama haipo, itengwe sasa, kabla ya kuuzwa. Tunalipa kodi. Tuna haki ya kufunguliwa kitabu.