Ugonjwa unafuata njia ya machimbo

Julai 2019, Ebola iliingia Goma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja na mchungaji aliyetoka Butembo, ambako alihubiri na kuwawekea wagonjwa mikono. Vipimo vilithibitisha tarehe 14. Mara ya pili ilikuja na mchimba zahabu aliyerudi kwa familia yake kutoka Mongbwalu, kule Ituri. Vipimo vilithibitisha tarehe 30, na kesho yake akafa. Mke wake na mtoto wao mdogo waliambukizwa pia, lakini hao walitibiwa na katikati ya Agosti walitoka wazima. Mwezi huo huo ugonjwa ulionekana hata Pinga, wilayani Walikale.

Tunakumbusha hayo juu kila ugonjwa mkubwa unapofika Kivu, watu hawa wawili wanarudi: mtu wa kanisa na mtu wa machimbo. Wa kwanza alipewa mafunzo, ndoo ya maji ya klorini mlangoni na tangazo la kusoma siku ya Mungu. Wa pili, mara nyingi, bado anangoja.

Kanisa lina nini ambacho wengine hawana? Tuchukue mfano wa Caritas ya diosezi ya Goma, ambayo eneo lake linafika Masisi na Walikale. Nguvu yake ya kwanza haitoki kwenye magari wala kwenye magunia ya unga. Chini ya kila parokia kuna shirika, zile jumuiya ndogo za mtaa ambamo majirani wanasali pamoja na wanajuana kwa majina. Mtu akilala na homa siku mbili, watu wa shirika wanajua mbele ya muganga. Kisha kuna BDOM, ofisi ya diosezi inayofuatilia vituo vya afya vya Wakatoliki. Waprotestanti nao wana mfumo wao: CBCA ina makanisa vijijini na hospitali mjini Goma, kama ile ya Ndosho.

Wakati wa Ebola kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa, juu watu hawakuamini. Ebola iliua watu 2 287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na pembeni, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Wakati huo huo surua iliua zaidi ya watu 6 000 katika inchi yote kwa mwaka moja tu, wengi wao watoto. Lakini feza na magari makubwa vilikuja kwa ajili ya Ebola. Mama aliyezika mtoto wa surua aliuliza: juu ya nini ugonjwa huu, na si ule ulioniua mimi? Mgeni aliyefika jana hakuwa na jibu. Padri, mchungaji ao mama wa shirika alisikilizwa zaidi, juu alikuwa pale mbele ya ugonjwa na atabaki nyuma yake. Hatusemi kanisa halina kosa. Wako wahubiri waliofundisha kwamba maombi yanatosha, na wako waliokufa kwa kuwasikiliza.

Korona ilionyesha udhaifu mwingine. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa amri ya Rais, yakafunguliwa tarehe 15 Agosti. Mfumo unaotegemea watu kukutana ulikatazwa kukutana. Kazi ikabaki kwa radio, simu, na wale RECO wanaopita nyumba kwa nyumba. Kwa mchimbaji, shida ya kwanza ilikuwa njaa. Mipaka ilipofungwa, wanunuzi waliteremsha bei ya madini shimoni, na unga na mafuta vikapanda. Kumwambia mtu wa namna hiyo « baki nyumbani » ni kumwambia asile.

Na hapa ndipo wavu wa kanisa una tundu. Mchimbaji wa Masisi leo yuko Rubaya, mwezi ujao yuko Walikale, kisha Shabunda ao Kamituga. Hana shirika inayomjua. Siku ya Mungu anaweza kuwa ndani ya shimo. Analala na wenzake wengi chini ya turubai moja, na maji yaliyo karibu ni yale ya kuosha madini. Aina mpya ya mpox ilijulikana Kamituga, mji wa zahabu wa Kivu ya Kusini, Septemba 2023. Ilienea kati ya wachimbaji na wanawake wa kwenye baa, kisha ikafuata barabara. Mwaka uliofuata ilikuwa Goma, hata ndani ya kambi za wakimbizi, wengi wao watu wa Masisi.

Leo hali ni ngumu zaidi. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Walikale-centre iliona vita Machi 2025. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya USAID, na mwisho wa mwezi huo uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Wengi waliokuja na magari wameondoka. Watu wa shirika na waganga wa vituo bado wako.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Moja, Caritas, CBCA na makanisa mengine wachague RECO kati ya wachimbaji wenyewe na mama wanaouza chakula penye machimbo. Hao ndio wanaona nani amekuja jana na homa.

Mbili, maji na sabuni vya penye shimo vilipwe na wanaopata faida: PDG, koperative, wanunuzi. Sadaka ya mjane haipaswi kununua ndoo ya tajiri. Serkali nayo ikumbushwe sheria ya madini ya 2018: sehemu 15 juu ya 100 za redevansi ni za sekta ao sheferi ambamo mgodi uko. Watu wa Bisie wana haki ya kuuliza kituo chao cha afya kilipata nini humo.

Tatu, kila msaada unaopita kanisani hesabu yake isomwe mbele ya watu: kilichoingia, kilichotoka, nani alipokea. Imani ya watu inapotea haraka kuliko sabuni.

Na wewe ndugu mchimbaji, ukisikia homa ao ukiona vipele, usipande moto kurudi nyumbani mbele ya kuonana na muganga. Yule wa Mongbwalu alitaka tu kufika kwa watoto wake.