Kuta za Loresho zinangoja sura

Simama mjini Nairobi dakika kumi tu na matatu zitakupitishia sura kibao: mwanasoka huyu, mwanamuziki yule, wote wamechorwa wakubwa wakang'aa. Toka Waiyaki Way uingie Loresho, sura zinaisha. Kinachobaki ni kuta ndefu, nyaya za umeme na mageti yaliyofungwa.

Kila asubuhi watu hutembea kutoka Kangemi kuja kufanya kazi nyuma ya kuta hizo. Yaya, soja, mtunza bustani. Kazi yao twaijua. Sura zao je?

Mwaka wa 2009, msanii Mfaransa JR alifunika mabati ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo huo. Hakutafuta mastaa. Na picha zile zilichapishwa kwenye turubai lisilopitisha maji, hivyo zikawakinga wenyewe na mvua.

Sina noma na michoro ya Wangari Maathai au Eliud Kipchoge. Wanastahili. Lakini tukichora mashujaa pekee, wadogo zetu wataamini kwamba ukuta ni wa walioshinda tuzo na medali.

Wenye nyumba wa Loresho, tupeni ukuta mmoja. Sisi vijana tutaleta rangi. Tutamwomba ruhusa mama mboga wa pale kwenye kona kabla ya kumchora, na tutamlipa muda wake. Siku kanjo wakija kumfukuza, basi wamfukuze mbele ya sura yake mwenyewe.