Kimya cha Msitu Kisitudanganye

Katika misitu ya mikaratusi ya mashariki ya Australia huishi nyenje ambaye wataalamu humwita Thopha saccata, na wenyeji humpa jina la mpiga ngoma mbili. Jina hilo lamstahili. Dume ana mifuko miwili ubavuni inayoikuza sauti yake, hata ikakaribia desibeli 120 kwa aliye jirani naye.

Lakini ngoma hiyo huvuma majira ya joto tu. Jike hutaga mayai ndani ya matawi. Watoto wakianguliwa huanguka, huchimba ardhi, na kukaa gizani miaka kadhaa wakifyonza utomvu wa mizizi. Ndipo huibuka, hujivua gamba, huimba, huzaana na kufa. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi afisa akipita katika msitu huo wakati wa baridi hatasikia kitu. Anaweza kuandika kwamba mahali ni patupu na pafyekwe, kumbe chini ya viatu vyake kizazi kizima chasubiri zamu yake. Mti uking'olewa, mizizi hufa, na wanaoitegemea hufa nayo bila ya kuhesabiwa.

Mkaratusi twaujua. Ulitoka Australia ukaja kutupa kuni na nguzo, nasi hatuulaumu. Ila ulisafiri peke yake. Nyenje huyo alibaki kwao. Hiyo ndiyo tofauti baina ya shamba la miti na msitu. Shamba hupandwa kwa siku moja. Msitu hujengwa na viumbe wengi, wengi wao wasioonekana, kwa muda mrefu kuliko umri wa kiongozi yeyote.

Sisi wa visiwani tuna Jozani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na tuna Ngezi kule Pemba. Tunayo pia mapori madogo yasiyo na jina kubwa wala mtetezi. Hatukubali hesabu ya kusema kwamba msitu umekatwa lakini miche mingi zaidi imepandwa. Miche si fidia ya msitu.

Kwa hiyo twawataka wenye mamlaka, kabla ya kutia saini kibali cha kufyeka, wakague pori katika masika na katika kiangazi, na wawaulize wazee wanaoishi kando yake. Ardhi ni amana. Mwenye kuitunza amana huangalia na kilichofichwa ndani yake.