Ukale Hauingii Kwenye Glasi

Anayekwenda Uingereza kwa mara ya kwanza hupewa ushauri uleule na kila mtu: tafuta baa ya kale. Dari iwe fupi kiasi cha kukugonga kichwa, boriti ziwe nyeusi, moto wa kuni uwake pembeni, na mlangoni kuwe na mwaka ulioandikwa kwa herufi za kizamani. Ukiipata hiyo, wanasema, umeipata Uingereza yenyewe.

Ushauri huu ni mbovu, na una madhara. Unawapeleka wageni mahali pasipostahili pesa yao. Unaupa ukuta sifa ambayo ni ya mfanyakazi. Umewafanya hata Waingereza wenyewe walilie matofali huku wakiiacha kazi ya baa ife mbele ya macho yao. Baa ya Kiingereza hunogeshwa na mtu anayetunza mapipa chini na kutunza watu juu. Palipo na mtu huyo, hata lililokuwa duka la nyama linatosha. Asipokuwapo, jumba la karne ya 12 halikufai kitu.

Na hiyo karne ya 12 yenyewe mara nyingi ni ya kujipachika. Mjini Nottingham iko baa iitwayo Ye Olde Trip to Jerusalem, iliyoegemea mwamba chini ya ngome, na ukutani imejiandikia 1189, mwaka aliotawazwa Mfalme Richard I. Mapango yaliyochongwa nyuma yake ni ya kale kweli, lakini jengo unaloliona ni la karne ya 17, na hakuna hati inayothibitisha kwamba mwaka ule paliuzwa bia pale. Katika mji huohuo zipo baa nyingine mbili, Bell na Salutation, nazo zinagombea ukongwe. Kule St Albans, Ye Olde Fighting Cocks ilishikilia kwa miaka mingi rekodi ya Guinness ya baa kongwe, hadi kipengele hicho kikaachwa mwaka 2000. Sisemi kwamba baa hizi zina bia mbaya. Nasema mwaka ulioandikwa mlangoni haukwambii lolote kuhusu bia hiyo, wala kuhusu atakayekumiminia.

Ziara iliyoharibika inajulikana na yeyote aliyeishi kule. Meza inanata. Glasi ina alama ya rangi ya mdomo wa mtu mwingine. Bia ina ukali wa siki. Mhudumu anazungumza na mwenzake huku wewe umesimama na noti mkononi. Televisheni tatu zinapiga kelele na hakuna anayezitazama. Chakula kimetoka kwenye friza kikaingia kwenye maikrowevu, kikakufikia kwa bei ya hoteli. Boriti zipo, nyeusi kama ulivyoahidiwa. Unapiga picha, unakunywa nusu, unaondoka, na ukifika nyumbani unasimulia jinsi ulivyofurahi, maana nani atathubutu kusema kwamba nyumba ya miaka 400 ilimchosha?

Usione vyaelea, vimeundwa. Kinachoundwa katika baa ya Kiingereza huundwa chini ya sakafu, katika chumba cha mapipa ambacho mgeni haoneshwi. Bia yao ya asili hufika ikiwa hai: hamira imo ndani ya pipa na bado inachacha. Mwenye baa hulilaza pipa na kuliacha litulie. Hupigilia kigingi kidogo cha mti laini ili gesi ipumue, na ikishatosha hukibadilisha kwa kigingi kigumu ili iliyobaki isipotee. Anangoja hamira izame, mara nyingi ikisaidiwa na utando utokanao na kibofu cha samaki, hadi bia iwe angavu. Baadaye huivuta juu kwa pampu ya mkono bila kuisukuma kwa gesi. Mirija nayo husafishwa kila wiki. Akiharakisha, bia inatoka na ukungu. Akichelewa, inachachuka.

Hapa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asidanganyike na hadithi kwamba Waingereza hunywa bia ya moto. Sisi ndio tunaoulizwa na mhudumu, "Ya moto au baridi?", na tunao wazee wasiogusa ya baridi. Bia ya pipa ya Kiingereza hutunzwa kati ya nyuzi 11 na 13 za Selsiasi, ubaridi unaoacha ladha yake isikike bila kuutia ulimi ganzi. Ikikujia na uvuguvugu wa chumba ulichoketi, usidhani umeonja mila ya watu. Umeonja uzembe.

Ipo hesabu ambayo ningependa kila mgeni aijue. Pipa la kawaida la bia hii ni galoni 9, yaani painti 72. Likishaanza kunywewa, hewa inaingia, na baada ya siku tatu hivi ubora unaporomoka. Sasa tazama kaunta yenye pampu nane zinazong'aa. Mapipa nane ni painti 576, na ili ziishe kwa siku tatu lazima ziuzwe painti 192 kila siku. Hesabu watu waliomo ndani. Kama ni saba, na wanne wanakunywa soda, kimbia. Baa yenye pampu mbili na wateja wanaokuja kila jioni itakupa bia safi kuliko kaunta pana iliyopambwa kwa ajili ya kamera. Hesabu hiyo haiulizi jengo lilijengwa lini.

Watetezi wa ukale watamleta mwandishi George Orwell kuwa shahidi. Februari 1946, katika gazeti la Evening Standard, aliieleza baa yake bora, Moon Under Water, na mwishowe akafichua kwamba haipo. Ni kweli alisifu mapambo ya enzi ya Malkia Victoria, na hata dari iliyogeuka manjano kwa moshi wa tumbaku. Lakini Victoria alifariki mwaka 1901. Orwell alikuwa anasifu vitu vya enzi ya utoto wa wazazi wake, wala hakudai karne ya 12. Na ukiondoa mapambo hayo, uyasome mengine aliyoyataka: utulivu wa kuzungumza bila redio wala piano, wahudumu wanaowajua wateja kwa majina, chakula cha mchana cha bei nafuu, bustani ambamo watoto wanaweza kucheza. Yote hayo ni kazi na tabia ya watu. Waliomsoma Orwell wakaenda kununua boriti wamesoma mstari mmoja wakafunga gazeti.

Wachunguzi wa kikundi cha Mass Observation waliliona jambo hili kabla yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 waliketi katika baa za mji wa viwanda wa Bolton, saa mkononi, wakipima watu wanavyokunywa; kitabu chao kilitoka mwaka 1943. Waligundua kwamba walioketi pamoja hushusha glasi zao kwa mwendo mmoja, ili asiwepo wa kuachwa nyuma raundi inapozunguka. Hilo hata sisi tunalijua. Raundi ni deni la heshima: ukinunuliwa, zamu yako inakuja, na anayekwenda msalani kila zamu yake inapokaribia hujulikana haraka. Baa nzuri hulipatia deni hilo nafasi ya kuzunguka. Mhudumu mzuri hukumbuka nani alifika kaunta kwanza ingawa hakuna foleni, na humwambia anayetaka kumruka mwenziwe asubiri. Kwa mgeni asiye na rafiki pale, haki hiyo ndogo ndiyo karibu yenyewe.

Kipimo kigumu zaidi ni namna baa inavyomtendea asiyekunywa pombe. Wasomaji wengi wa Kiswahili hawanywi, kwa dini au kwa uamuzi wao, na hujikuta wamealikwa baa na wenzao wa kazini au wa chuo. Katika baa nzuri ataagiza soda, juisi au chai, apewe glasi safi kama ya mwenzake, asiulizwe sababu, na raundi impitie kama kawaida. Katika baa mbaya atatazamwa kama aliyeingia kutafuta choo. Baa ikishindwa mtihani huu, umri wake hauwezi kuiombea radhi.

Maana huo ukale tunaouabudu haukumkaribisha kila mtu. El Vino, iliyopo Fleet Street, London, mahali pa waandishi na mawakili, ilikataa kuwauzia wanawake waliosimama kaunta mpaka Mahakama ya Rufaa ilipoamua mwaka 1982 kwamba huo ni ubaguzi. Mjini Smethwick, karibu na Birmingham, zilikuwapo baa ambazo hazikuwaruhusu Wahindi na watu weusi kuketi katika baadhi ya vyumba. Februari 12, 1965, siku 9 kabla ya kuuawa, Malcolm X, mtetezi wa haki za watu weusi wa Marekani, alikwenda Smethwick kwa mwaliko wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, akaingia baa ya Blue Gates na kujionea ubaguzi huo. Mwishoni mwa mwaka huohuo sheria ya kwanza ya mahusiano ya rangi ikapiga marufuku ubaguzi katika mahali pa umma. Anayelilia baa za zamani atwambie kwanza angeketi chumba gani.

Kilichofuata katika miji ileile ni jibu zuri kuliko hoja zangu zote. Wapunjabi waliofanya kazi katika viwanda vya kuyeyusha chuma wakaanza kuzichukua baa ambazo Waingereza walikuwa wanaziacha. Nenda leo Smethwick au West Bromwich, kwenye baa kama Red Lion na Vine, utakuta nyama choma ya viungo ikitoka jikoni ingali inachemka kwenye sahani ya chuma, nan moto, painti mezani, na wazee wa Kiingereza wakibishana kuhusu mpira na wazee wa Kisingasinga. Pilipili haijaua Uingereza ya mtu yeyote. Baa zilizokuwa zinakaribia kufungwa zimejaa, kwa sababu mwenye baa anapika, anakumbuka majina na anataka ubaki.

Ushahidi wa pili uko kijiji cha Herne, Kent. Mwaka 2005 Martyn Hillier alifungua Butchers Arms katika chumba kilichokuwa duka la nyama. Ni chumba kidogo, hakina muziki wala mashine za kamari. Kina bia ya pipa na mazungumzo, na wateja wamekaribiana hata kumpuuza jirani yako inakuwa kazi. Wengine waliiga, na leo baa ndogo za namna hiyo ziko katika miji mingi ya Uingereza, ndani ya maduka ya maua, ofisi na vyumba vya vinyozi vya zamani. Huko hakuna boriti wala mwaka mlangoni.

Sasa tuje kwa madhara niliyoyataja. Mwaka 2000 Uingereza ilikuwa na baa takriban 60,000. Leo zimebaki takriban 45,000. Kodi, gharama za umeme na bia rahisi za supamaketi zina sehemu yao. Umiliki nao una yake. Mwaka 1989 serikali iliwabana watengenezaji wakubwa wa bia waliomiliki baa zaidi ya 2,000 kila mmoja. Maelfu ya baa yakauzwa, yakaangukia kampuni za majumba ambazo hazikutengeneza hata lita moja ya bia. Mpangaji akabaki analipa kodi ya pango na, kwa mkataba, ananunua bia kwa kampuni hiyohiyo kwa bei iliyo juu ya ile ya soko. Kanuni zilizokuja mwaka 2016 zilimpa njia ya kujinasua kwa baadhi ya kampuni kubwa, lakini wengi walikuwa wameshafunga.

Kufungwa kwao hakukuwatoa watu machozi. Machozi yalimwagika Agosti 2023, pale Crooked House, baa ya Staffordshire iliyopinda kwa sababu ya migodi iliyochimbwa chini yake, iliposhika moto na kubomolewa baada ya muda mfupi. Nchi nzima ilipiga kelele, na halmashauri ikaagiza ijengwe upya. Kubomoa vile kulistahili hasira. Lakini baa ile ilikuwa imeshafungwa na kuuzwa kabla ya moto. Kabla ya ukuta kuanguka, ni wangapi kati ya waliolia walikwenda kumnunulia mtu raundi pale?

Sina ugomvi na uzuri. Moto wa kuni mwezi Januari ni neema, na fundi aliyechonga kaunta ya mti mwaka 1890 alijua kazi yake. Kama baa ni nzuri na ni ya kale, umebahatika mara mbili. Ila bahati hizo mbili hazitegemeani, na anayezichanganya atazidi kulipia mapambo.

Kwa hiyo ukifika Uingereza, acha kuuliza baa ipi ni ya kale. Uliza mwenye baa ni nani, amekaa pale miaka mingapi, na watu wa mtaa huo wenyewe wanakwenda wapi Jumanne jioni. Agiza nusu painti kwanza. Ikiwa na ukungu usiostahili au ukali wa siki, irudishe bila woga. Mwenye baa anayejiheshimu atakubadilishia na kwenda kulikagua pipa. Ukikuta yote sawa, agiza nyingine na urudi kesho. Jengo zuri likiingia katika orodha ya urithi wa taifa, sheria inalilinda. Mtu anayeamka asubuhi kukagua vigingi vya mapipa hana sheria ya namna hiyo. Analindwa na wateja wanaorudi.