Gari jeusi halipakwi mng'ao!

Nimekuwa adimu kwa sababu ya zamu za usiku mfululizo, na wengine mmeniandikia kuuliza kama Maskati imenimeza. Haijanimeza. Leo naweka pembeni habari za wodi na vibali vya kazi. Nataka kuzungumzia magari meusi, na naomba wenye magari hayo hapa Darsait, Ruwi, Mutrah na hata kule nyumbani Tanga na Dar msinune mpaka mmalize kusoma.

Hoja yangu ni fupi. Gari jeusi halipakwi mng'ao. Lilitoka nao kiwandani, na kazi ya mwenye gari ni kutouharibu. Sisi tunauharibu kila alfajiri, tena kwa kulipia, halafu tunatafuta mnyonge wa kumtupia lawama.

Tuanze na rangi yenyewe. Juu ya bati kuna tabaka la msingi, kisha rangi nyeusi, kisha koti lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Vyote kwa pamoja, kwa gari la kawaida, ni kama mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele mmoja wa kichwa chako ni kama mikroni 70. Yaani huo mng'ao unaoringia umekaa kwenye ngozi nyembamba kuliko unywele!

Sasa kwa nini weusi ndio unaotuumbua? Rangi nyeusi inameza karibu mwanga wote unaoingia ndani yake. Kinachokurudia machoni ni ule mwanga kidogo, kama asilimia 4, unaogonga uso wa klia na kurudi. Uso ukiwa laini, mwanga huo unarudi kwa mpangilio, na wewe unaona mtende, jengo na sura yako mwenyewe kama kwenye kisima kirefu. Uso ukiwa na mikwaruzo, mwanga unatawanyika ovyo, weusi unageuka kijivu, na jua likipiga unaona utando wa buibui boneti zima. Gari jeupe la jirani lina mikwaruzo ileile, ila weupe wake unaificha. Msidhani jirani anajua kutunza gari kuliko ninyi.

Haya, mikwaruzo inatoka wapi? Inatoka kwenye maegesho yetu. Nikirudi zamu ya usiku nawakuta vijana wa Bangladesh wameshaanza kazi. Kila mmoja ana ndoo moja na kitambaa kimoja, na magari chungu nzima ya kumaliza kabla wenyewe hawajashuka kwenda kazini. Hapa usiku vumbi linatua, umande unaliloanisha, na alfajiri kila gari lina utelezi wa matope mepesi. Vumbi hilo lina chembe za kwatzi, ile ile ya mchanga, ambayo ni ngumu kuliko kisu cha jikoni. Kijana anachovya kitambaa, anakamua, anafuta boneti, anafuta rimu, anarudisha kitambaa ndoo ileile, anahamia gari la pili. Maji yenyewe yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo anafanya kitu kimoja tu: anapiga msasa. Kila siku, mwaka mzima!

Mimi ni muuguzi, na macho yangu hayawezi kuliona hilo yakatulia. Jambo la mwanzo tunalofundishwa kuhusu kidonda ni kwamba unafuta kutoka palipo safi kwenda palipo pachafu, pamba moja kwa pitio moja, halafu unaitupa. Hurudishi pamba iliyotumika kwenye bakuli. Humtoi mgonjwa wa kitanda cha kwanza ukaenda wa pili na kitambaa kilekile. Nesi akifanya hivyo anaitwa ofisini siku hiyohiyo. Lakini kwenye gari la mamilioni ya shilingi tunaona sawa kabisa kitambaa kilichotoka kwenye rimu ya jirani kije kuramba boneti letu.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Mwezi uliopita bwana mmoja wa jengo letu alishuka mchana, akaona gari lake jeusi limejaa duara duara kwenye jua, akamwita yule kijana akamfokea mbele za watu. Akakataa kumlipa pesa ya mwezi. Kijana hakujibu neno, aliinamisha kichwa akachukua ndoo yake. Jamani! Nani alimwagiza afute kila siku? Nani alimpangia riali chache ambazo hazimtoshi kuongeza hata ndoo ya pili? Huwezi kumpa mtu kitambaa kimoja na magari thelathini, halafu ukadai kioo cha saluni. Rangi ile iliharibiwa na agizo la bwana mwenyewe. Kijana alikuwa mkono tu.

Kisha yule bwana alifanya nini? Alilipeleka gari kwa wapaka mng'ao, likarudi limemeremeta kama samaki aliyetoka majini. Baada ya kuoshwa mara chache, duara zote zikarudi. Ndugu zangu, hazikurudi, maana hazikuwa zimeondoka. Nta na vile vimiminika vyenye silikoni vinajaza mifereji ya mikwaruzo kwa muda tu. Hata nta ya karnauba inayosifiwa sana, inayokwanguliwa kwenye majani ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki mwa Brazil, ni kinga nzuri, lakini haikuzi klia mpya. Na hii seramiki inayouzwa siku hizi kwa bei ya mahari, ukiipaka juu ya mikwaruzo unaifungia ndani. Ni sawa na kufunga bandeji safi juu ya kidonda chenye usaha. Nje pazuri, ndani panaoza.

Wazee wetu walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na sisi watu wa nyumbani tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Nani hajui vinyago vya mti mweupe vilivyopakwa kiwi ya viatu vikauzwa kwa watalii kama mpingo? Ukivifuta kwa nguvu kidole kinatoka cheusi. Mpingo wa kweli, mti mzito unaozama majini, haung'ai kwa kiwi. Unang'ara kwa sababu fundi ameusugua kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka uso wote ukawa sawa. Gari jeusi ni hivyohivyo. Polishi ya kweli ya mashine haipaki kitu, inapunguza klia kidogo mpaka chini ya mkwaruzo. Ndiyo dawa pekee, lakini ina hesabu yake: kinachopunguzwa hakirudi. Ukikwaruza kila siku na kupiga polishi kila mwaka, siku moja klia inakwisha, na hapo labda upulize rangi upya.

Najua mtanijibu: "Nesi, hapa Maskati gari chafu ni aibu, na kila mgeni anaambiwa siku ya kwanza kwamba atapigwa faini." Sawa. Mimi sijasema gari likae chafu. Nasema lioshwe, lisifutwe. Mara mbili kwa wiki inatosha, tena hivi:

Kwanza kivulini, asubuhi au jioni, bati likiwa limepoa. Mnajua joto letu. Juni 2018 kule Qurayyat joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24, usiku ukiwemo! Ukiosha juani maji yanakauka kabla hujayafuta na kuacha madoa ya chumvi.

Pili, mwagia maji mengi kabla ya mkono kugusa gari. Mchanga uondoke na maji, usiondoke na kitambaa.

Tatu, ndoo mbili. Moja ya shampuu ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila baada ya pitio. Anza paa, shuka chini, rimu mwisho na kitambaa chake cha peke yake. Sabuni ya vyombo inapunguza nta, na ile sabuni ya unga tuliyozoea nyumbani ina chembe zisizoyeyuka. Ziacheni jikoni.

Nne, kaushia taulo safi la maikrofaiba, kwa kulilaza na kulivuta taratibu bila kusugua. Likianguka chini, halirudi kwenye gari mpaka lifuliwe.

Ukishapiga polishi mara moja kwa fundi anayejua, ndipo upake nta au hiyo seramiki. Hapo inalinda kitu kilicho kizima.

Na yule kijana wa ndoo? Msimwachishe kazi kwa sababu yangu. Mlipeni pesa ileile ya mwezi aoshe siku mbili badala ya sita, na mmnunulie ndoo ya pili, glavu na taulo tatu. Kwa wengi wenu hiyo ni bei ya chakula cha jioni kimoja Ruwi. Atakuwa na muda wa kufanya kazi vizuri, atalala saa moja zaidi, na gari litabaki jeusi kama lilivyotoka kiwandani. Msipoweza hilo, basi nunueni gari jeupe na mumwache mtoto wa watu apumue.

Nimemaliza. Wenye kupinga waje na hoja, matusi yabaki huko huko. Zamu inaniita.

Nesi wenu, Darsait